Fundi Kofia wa Mlimani

Sura ya Tisa

Mbwa wa Bibi Dorkas Krom alikuwa na jicho moja, na jicho hilo lilimchukia Barent Osterhoudt kuliko macho mawili ya mbwa mwingine yeyote katika kaunti nzima.

"Mfunge mbwa wako, bibi."

"Kafungwa. Kamba ndefu tu."

Barent alisimama pale kamba ilipoishia, au pale alipotumaini inaishia. Hii ilikuwa mara ya pili kukipanda kilima kile tangu Jumatano, na buti zake zilikuwa zimeanza kuachama kama zinataka kutoa ushahidi. Leo Jumamosi. Jumatatu hakimu angekaa, na kwa jinsi hakimu huyo alivyokuwa akiongea hotelini, kesi ya Enos Krom ingekwisha kabla supu ya mchana haijapoa, na Enos angenyongwa. Hapo ni kama watu wa mji wangekuwa na subira ya kumwachia hakimu kazi yake. Tangu asubuhi wanaume walikuwa wamesimama mbele ya jela bila shughuli, na wanaume wasio na shughuli hawakosi kujitafutia moja.

"Nisimulie tena habari ya fundi kofia," alisema Barent.

"Nilishakusimulia. Ukaenda ukacheka."

"Sikucheka. Nimemtafuta siku mbili. Mjini kuna muuza kofia mmoja tu, mzee Hasbrouck, na miguu yake imevimba hata chooni anapelekwa. Hakupanda huku."

"Basi mimi mwongo. Si ndivyo alivyosema hakimu wenu? Krom akifungua mdomo, uongo unatoka wenyewe, kama funza kwenye jibini."

Hakimu alikuwa amesema hivyo, na funza aliwataja. Siku ya Jumanne Isaka Van Aken, mwenye matanuri ya saruji, alipondwa kichwa kwa mtaimbo ndani ya ofisi yake. Saa saba mchana alionekana akila mkate na nyama baridi dirishani. Saa tisa alikutwa chini ya meza. Enos Krom alikuwa kibarua wake wa zamu ya usiku, na alfajiri ya siku hiyo wawili hao walitukanana mbele ya watu kumi kwa sababu ya mzigo wa mawe ya saruji ulioungua vibaya tanurini. Mtu aliyemtukana tajiri alfajiri, tajiri akafa mchana, tena jina lake Krom! Mji mzima ulipumua kama umemaliza hesabu.

Jumatano, Enos aliposomewa mashtaka, Bibi Dorkas alishuka mpaka mahakamani kwa miguu yake kusema kwamba mjukuu wake alilala kwake tangu saa tatu asubuhi mpaka jua likapoa. Hakimu akamwuliza kama ana shahidi asiye wa ukoo wake. Akasema anaye, fundi kofia. Watu walicheka mpaka karani akaangusha kalamu.

"Alikuja ukiwa unafanya nini?" aliuliza Barent.

"Nasugua sufuria ya mchana. Mtu safi, kola nyeupe, viatu vya kwendea kanisani. Akasema kuna mabwana na mabibi wema huko New York wanataka kuwagawia maskini kofia kabla ya baridi. Akanipima mimi. Akawapima wajukuu wawili wadogo. Kisha akaanza: mama yako nani, aliolewa na nani, hakuolewa na nani, kafungwa nani, kwa kosa gani. Nikamwuliza, bwana, kofia gani hii inayotaka kujua mama yangu alifungwa lini? Hapo nikafunga mdomo. Akanionyesha Enos, kalala kando ya jiko. Yule nani? Nikamwambia, kichwa. Si unapima vichwa? Pima."

"Akampima?"

"Akampima. Enos kaelekea ukuta, koti limefunika uso. Mtu aliyelisha tanuri usiku kucha, hata ungemkata hicho kichwa ukaondoka nacho asingejua mpaka jioni."

"Kwa utepe?"

"Utepe gani? Koleo."

Bibi Dorkas aliokota vijiti viwili kwenye lundo la kuni, vimepinda kama miguu ya mtu aliyezaliwa juu ya farasi, akavishika vikatazamana ncha kwa ncha. Akapitisha kijiti cha tatu katikati.

"Hivi. La chuma. Hapa katikati kirula kidogo cha shaba."

Barent alivitazama vile vijiti. Kisha akavua kofia yake, jambo ambalo hakuna mtu wa mji aliyewahi kulifanya mbele ya mlango ule, akaanza kushuka kilima kwa haraka. Mbwa alimsindikiza mpaka mwisho wa kamba. Kweli ilikuwa ndefu.

Koleo lile alikuwa ameliona Alhamisi, ukumbini pa kanisa, juu ya meza yenye kitambaa cha kijani.

Mwenye meza alikuwa Bwana Lucius Averill, katibu wa chama cha marekebisho ya magereza, aliyekuja kwa meli ya mto kukagua jela za kaunti. Na alikagua sawasawa, asisingiziwe. Aliingiza mkono kwenye majani ya kulalia wafungwa akautoa na chawa, akawaonyesha wazee wa baraza kama mtu anayeonyesha pete. Alisema ni aibu kumfunga mtoto aliyeiba tufaa pamoja na mwizi wa farasi, na kina mama walilia. Laiti angeishia hapo angekumbukwa kwa wema. Lakini alifungua karatasi ndefu kama shuka, imechorwa mti, na kila tawi lina viduara, na kila kiduara kina namba. Majina hakuyaandika, alisema, kwa heshima ya ukoo wenyewe. Ukumbi mzima uliujua ukoo huo kabla hajamaliza kukohoa. Huyu mwizi, huyu malaya, huyu mlevi, huyu wa nyumba ya maskini. Na kwenye tawi la juu, kwa wino uliokuwa bado unang'aa, Namba 44: muuaji.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema Bwana Averill, na watu wakapiga makofi. Kila mmoja alikuwa na hakika baba yake mwenyewe hakuwa nyoka.

Barent alimkuta hotelini, mbele ya sahani ya chapati za ngano nyeusi zilizomwagiwa asali ya mti.

"Bwana Osterhoudt," alisema Averill bila kusimama. "Mpelelezi wa kaunti. Nimeambiwa zamani ulikuwa ukivuta mashua kwenye mfereji."

"Nyumbu ndiye aliyevuta. Mimi nilikuwa nikimtukana."

"Nakula."

"Kula, bwana. Jumanne ulikuwa wapi?"

"Kazini. Kilimani."

"Kwa Bibi Dorkas Krom."

"Kwa Namba Tatu. Majina situmii."

"Ukamwambia wewe ni fundi kofia."

Averill alijifuta mdomo, pembe moja, kisha ya pili. "Watu wa aina ile hawasemi kweli mpaka wapewe sababu. Ni hila ndogo kwa faida kubwa."

"Ulidanganya ili wasidanganye."

"Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kujifunza. Alhamisi nilikaa nyuma, sikuona vizuri. Naomba nione ukurasa wa Jumanne."

Kumwomba mtu wa aina hiyo akuonyeshe daftari lake ni kama kumwomba bibi akuonyeshe mjukuu. Averill alisukuma sahani, akafungua. Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka kama mishono. Barent alisoma polepole, midomo ikicheza.

*Namba 31. Mwanamume, miaka ishirini na kitu. Jina halikupatikana, Namba Tatu alikataa kulitaja. Jumanne, saa nane na dakika kumi. Amelala sakafuni mchana kweupe, ameelekea ukuta. Hakuamka hata nilipomshika kichwa. Mfano safi wa uvivu wa kurithi. Nilipoondoka saa kumi alikuwa bado amelala.*

Chini yake vipimo, mistari mitano.

"Na Namba 44, huyo muuaji, yuko ukurasa gani?"

"Hana ukurasa. Nilimwongeza Jumatano aliposhikwa, kwa kuwa baba yake yumo kitabuni. Kumpima sijampima." Averill alishusha daftari. "Sherifu wako amenikatalia siku tatu mfululizo. Muuaji mbichi, wa ukoo unaojulikana vizazi vitano, yuko hatua mia mbili kutoka hapa, na mimi nazuiwa na mtu ambaye hawezi hata kubadili majani ya kulalia!"

"Nikikupatia ruhusa sasa hivi?"

Uma ulitua mezani.

"Kwa sharti moja," alisema Barent. "Daftari hili alishike mchungaji Van Slyke mpaka umalize. Vipimo utavitaja kwa sauti, yeye ataviandika kwenye karatasi nyingine."

"Kwa nini?"

"Asije mtu akasema umenakili."

"Nani atakayesema hivyo?"

"Mimi."

Averill alimtazama kwa dharau ya mtu aliyelala kwenye godoro la manyoya, akaliweka daftari mkononi mwake, akaenda kuchukua koleo.

Mbele ya jela watu walikuwa wamefika arobaini, na aliyewapanga alikuwa Kornelis Van Aken, mdogo wake marehemu. Mtu mmoja alitema mate karibu na buti ya Barent, akakosea, akatema tena. Averill walimvulia kofia.

Sherifu Gerrit Schoon aliwafungulia mlango kwa upana wa bega moja. Akaingia Barent, akaingia Averill, akaingia mchungaji Van Slyke, mzee aliyeitwa akiwa anaandika hotuba yake ya Jumapili na mwenye sura ya kutosamehe jambo hilo.

"Barent, una wazimu?" alinong'ona sherifu. "Nje wananiomba funguo, wewe unaniletea mtu wa kupima maboga!"

"Robo saa tu, Gerrit."

"Baada ya robo saa watakuwa hawaombi."

"Ndiyo maana usiendelee kuongea. Fungua."

Enos Krom alikaa juu ya majani, mnyororo mguuni. Kijana mwembamba, nyusi zimeungua kwa moto wa tanuri, vumbi la saruji bado limejaa kwenye mikunjo ya shingo.

"Huyu ndiye mnyongaji?" aliuliza.

"Anakuja kukupima kichwa," alisema Barent.

"Kwa kitanzi hupimwa shingo. Hata kazi yenu hamuijui."

"Kaa kimya, umwache apime."

"Nitamng'ata."

"Ukimng'ata utanyongwa Jumatatu. Ukikaa kimya huenda ukanyongwa siku nyingine."

Enos aliinua macho darini. Averill alivua glovu. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mbele ya kichwa kile uso wake ukawa kama wa mtoto aliyepewa ngoma. Alifungua koleo, akalifunga juu ya paji na kisogo.

"Urefu, inchi saba na nusu."

Mchungaji aliandika.

"Upana, inchi sita kasoro robo. Sikio mpaka utosini, inchi tano na robo. Kisogo, kimenyooka kama ubao. Andika, kimenyooka."

Kidole chake kilitambaa juu ya sikio la kushoto. Kikasimama. Kikarudi.

"Taja," alisema Barent.

"Kuna bonde."

"Refu kiasi gani?"

"Inchi mbili."

"Lina umbo gani?"

"La mwezi mwandamo."

"Mchungaji, fungua daftari. Jumanne, Namba 31. Soma ile mistari mitano."

Mchungaji Van Slyke alivaa miwani. Alisoma kwa sauti ile ile anayosomea vizazi vya Ibrahimu, bila haraka, bila kuruka. Inchi saba na nusu. Inchi sita kasoro robo. Tano na robo. Kisogo kimenyooka. Bonde juu ya sikio la kushoto, inchi mbili, mfano wa mwezi mwandamo, *dalili ya damu iliyochakaa*. Alipomaliza aliitazama karatasi aliyoandika mwenyewe, kisha daftari, kisha karatasi.

"Bwana Averill," alisema, "ni kichwa kimoja."

"La!" Averill alirudi nyuma mpaka ukutani. "Mnapumbazika. Vichwa vya ukoo mmoja hufanana, ndiyo elimu yenyewe! Namba 31 ni ndugu yake, au binamu. Huyu ni 44."

"Na bonde?"

"Bonde nalo hurithiwa. Nimeona vidole vinarithiwa, midomo inarithiwa."

Barent aligeuka. "Gerrit. Kijana huyu aliwahi kuwa kibarua wa nani?"

Sherifu alianza kuchezea funguo zake, moja baada ya nyingine, kana kwamba mmojawapo ungemfungulia mlango wa kutokea.

"Wa watu wengi."

"Akiwa na miaka kumi na miwili."

Enos alicheka. Hakikuwa kicheko cha kufurahisha mtu. "Msimwulize sherifu, niulizeni mimi. Aa, nimesahau. Mimi ni Krom."

"Gerrit, nakuuliza mbele ya mchungaji. Nani alimtia alama hiyo?"

Nje mtu alipiga mlango kwa kitu kizito, mara moja. Sherifu aliruka.

"Nyumbu," alisema.

"Wa nani?"

"Wangu! Yule wa kijivu, unamjua. Alimpiga teke zizini kwangu. Mke wangu ndiye aliyemshona kwa uzi wa gunia. Umefurahi?"

"Nimefurahi. Bwana Averill, wewe msomi. Nyumbu, mwana wa punda na farasi, hazai. Sasa hilo bonde amelirithi upande gani?"

Koleo lilikuwa bado wazi mkononi mwa Averill, limekumbatia hewa.

"Umemhesabu mtu mmoja mara mbili," alisema Barent. "Kwenye kiduara kimoja mvivu, kwenye kingine muuaji, mchana ule ule. Umewaongezea akina Krom mtoto bila mwanamke kushikwa uchungu. Na uvivu wenyewe uliouandika ni usingizi wa mtu wa zamu ya usiku. Hapa kila mtoto anajua tanuri halizimwi. Wewe hukuuliza."

"Yule kikongwe hakutaka kunijibu!"

"Angemjibuje fundi kofia?"

Mlango ulipigwa tena, mara mbili sasa, na sauti za watu zikapanda kama maziwa yanayotaka kumwagika.

"Kutoka kwa Bibi Dorkas mpaka ofisi ya Isaka ni mwendo wa saa mbili kwa miguu," Barent aliendelea. "Isaka alikufa kati ya saa saba na saa tisa. Saa nane na dakika kumi, kwa saa yako ya dhahabu, kichwa hiki kilikuwa katikati ya mikono yako. Chagua, bwana. Kama mkono wako unapima kweli, Enos hakuua. Kama mkono wako haupimi kweli, basi mti wako wote ni wa kuni, na mchungaji ataandika hivyo huko New York."

"Nitatengeneza barua," alisema Averill. "Ufafanuzi. Kwa hakimu, Jumatatu, kwa utaratibu."

"Husikii mlango?"

"Mimi si askari."

"Waliokupigia makofi Alhamisi ndio hao walioko nje. Sisi hawatatusikiliza. Mimi mvuta mashua, Gerrit wanamjua, na bibi yake Enos wewe mwenyewe umewafundisha wasimwamini. Wamebakiwa na wewe tu."

Averill alimtazama Enos. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. Enos hakumsaidia.

"Unanuka kama duka la dawa," alimwambia. "Ungenipima nikiwa macho ningekuvunja vidole. Nenda kaseme."

Sherifu alifungua mlango. Bonge la udongo lilipita juu ya kichwa chake likapasuka ukutani. Kisha watu wakaiona kola nyeupe, wakatulia, na mtu mmoja akasema, "Ngojeni, bwana wa New York anataka kusema."

Averill alisimama kwenye ngazi. Sauti yake ya ukumbini ilikuwa imebaki ukumbini.

"Mtu aliyemo humu," alisema, "Jumanne, saa nane na dakika kumi, alikuwa amelala mbele yangu. Kilimani. Nilimshika kichwa kwa mikono yangu."

"Sema kwa sauti!"

"Si yeye!" alipaza Averill. "Nilikosea. Namba 31 na Namba 44 ni mtu mmoja. Alikuwa amelala!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja dirishani alicheka peke yake, akajizuia.

"Mbona Alhamisi hukusema?"

"Alhamisi sikujua."

"Alhamisi ulijua mpaka mama yake bibi yake!"

"Kwa hiyo nyoka kawa mjusi, eeh?"

Tufaa bovu lilimpiga Averill kifuani, likaacha alama mahali ambapo watu wa heshima huning'iniza mnyororo wa saa. Hakulifuta. Alibaki pale, na hilo lilikuwa jambo la kwanza alilolifanya wiki nzima ambalo Barent hakuwa na la kuligombea.

Kisha swali likaanza. Lilianzia mbele, kwa mwashi mmoja mwenye mikono myeupe kwa saruji. "Basi nani?" Likapita kwa seremala. "Basi nani kamwua Isaka?" Likafika nyuma, likarudi mbele limenenepa. Watu walimwuliza Averill, walimwuliza sherifu, walimwuliza Barent, na walipokosa jibu wakaulizana wenyewe, uso kwa uso, na kila uso ulikuwa wa jirani, wa muumini, wa mtu mwenye baba anayejulikana.

Barent alikuwa akitazama midomo. Arobaini na kitu ilikuwa ikicheza. Mmoja haukucheza.

Kornelis Van Aken, mdogo wake Isaka, aliyewaongoza watu wale tangu asubuhi na ambaye sasa matanuri yote yalikuwa yake, alikuwa tayari upande wa pili wa barabara, ameinama, anamfungua farasi.

Barent alishuka ngazi. Watu walimpisha, si kwa heshima, ila kwa kuwa hawakutaka kuguswa. Alivuka barabara, akashika hatamu karibu na mdomo wa farasi.

"Unakwenda wapi, Kornelis?"

"Nyumbani."

"Kaka yako hana muuaji tena. Watu wote pale wanauliza ni nani."

"Nimesikia."

"Wewe mbona huulizi?"

Kornelis alipanda, akavuta hatamu. Barent hakuiachia.